Taimauti: kwa nini programu inaganda wakati kompyuta haina kazi

Dada wa hesabu kwenye duka moja la dawa Kariakoo aliniita akisema kompyuta yake imezeeka, inataka kuongezwa RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi. Kila akifungua Excel dirisha linapauka, kiduara kinazunguka, halafu baada ya kitambo kila kitu kinarudi sawa. Nikafungua Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha kompyuta inashughulika kiasi gani, wakati imeganda: prosesa ilikuwa inatumika 2% tu. Mashine haikuwa imechoka. Ilikuwa inasubiri.

Kikomo cha kusubiri huko ndicho tunachokiita taimauti: muda ambao programu imewekewa kungoja jibu kutoka mtandaoni kabla haijakata tamaa. Muda huo lazima uwepo, la sivyo programu ingengoja milele. Tatizo ni pale inapongoja kitu ambacho hakipo tena.

Kukataliwa na kunyamaziwa ni mambo mawili tofauti, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Ukibisha hodi kwenye seva (kompyuta inayohudumia nyingine) iliyo hai lakini haina huduma unayoitaka, kwa kawaida inakujibu papo hapo kwamba hakuna, na programu inaendelea na shughuli zake. Ukibisha kwenye anwani isiyo na mtu, hakuna wa kukukaribisha wala wa kukufukuza. Kompyuta inangoja, inabisha tena, inangoja mara mbili ya mwanzo. Kwa miaka mingi Windows ilisubiri sekunde 3, kisha 6, kisha 12: jumla 21 kwa jaribio moja. Linux, mfumo mwingine wa kompyuta, ikiachiwa mipangilio yake ya kawaida huweza kupita dakika mbili.

Kwa hiyo dalili yake kubwa ni muda usiobadilika. Intaneti ikiwa nzito, leo utasubiri sekunde 4, kesho 15. Taimauti hurudia zilezile. Chukua simu, pima sekunde, fungua programu mara tatu. Zikikaribiana sana, achana na habari za RAM. Kisha chomoa kebo ya mtandao, au zima Wi-Fi, ufungue tena. Programu ikifunguka chapchap, umeshampata mchawi: mtandao ukiwa umekatika kabisa, kompyuta inajua hapohapo kwamba hakuna njia, haina haja ya kubisha hodi.

Kwa yule dada mchawi alikuwa printa. Excel huiuliza printa chaguomsingi mambo ya ukubwa wa karatasi, na yake ilikuwa bado ile ya mtandao iliyobaki ofisi waliyohama. Tulichagua iliyopo pale mezani, Excel ikafunguka kabla hajakaa sawa kwenye kiti.

Isingekuwa printa, ningeangalia diski za mtandao, zile zenye herufi kama Z: zinazoelekea kwenye seva. Amri ya net use, ukiiandika kwenye dirisha la Command Prompt, inazitaja zote. Ambayo seva yake haipo tena, ifute. Baada ya hapo DNS, yaani seva inayogeuza majina kuwa namba za IP. Ukiandika ipconfig /all kwenye dirisha hilohilo utaona anwani yake. Kuna mtu huiandika kwa mkono kwenye ofisi moja, akahamia kwingine na kompyuta ileile, kisha kila programu inayokagua leseni au masasisho inaanza kusuasua. Irudishe kwenye hali ya kupokea anwani kutoka kwa rauta.

Mwisho ni proksi, yaani kompyuta ya kati ambayo baadhi ya ofisi hupitishia mawasiliano yote ya intaneti. Windows ina swichi ya kujitafutia mipangilio ya proksi, kwa utaratibu uitwao WPAD uliopendekezwa mwaka 1999: kompyuta inatafuta mashine yenye jina wpad ili ipewe maelekezo. Dukani au nyumbani mashine hiyo kwa kawaida haipo. Mara nyingi jibu la kwamba haipo huja upesi, lakini ipo mitandao ambayo haijibu kitu, na hapo ndipo programu inapoganda. Zima swichi hiyo kwenye sehemu ya Proxy katika mipangilio ya mtandao, upime tena. Kama kompyuta ni ya ofisi yenye watu wa TEHAMA, waulize kwanza, maana kwenye ofisi nyingine bila proksi hutoki nje kabisa.