Ukishatoboa, makosa ya wana yanakuwa kesi yako

Kwenye kitengo chetu cha elimu ya sheria swali hili haliishi, yani rapa ana hela, ana lebo, ana shoo kila wiki, sasa bunduki na mambo ya mtaani anayafuata nini? Wengi wanajibu kwamba ni ujinga tu. Mi sikubali, na naona jibu hilo linatuzuia kuona shida yenyewe ilipo.

Chukua rapa Bobby Shmurda wa Brooklyn, New York. 2014 ngoma yake inavuma dunia nzima, anasaini na lebo ya Epic Records, Desemba mwaka huohuo anakamatwa pamoja na wenzake wa kundi lao la GS9 nje ya studio Manhattan. Dhamana ikawekwa dola milioni 2. Mwaka 2016 akakiri kula njama na kumiliki silaha, akala miaka 7, akatoka Februari 2021. Na mwenyewe alieleza kwamba alipewa ofa ya miaka 5 ila rafiki yake Rowdy Rebel angekula 12, akakubali 7 ili na mwenzake apate 7. Ukisoma hapo unaelewa huyu mtu hakuwa anapenda jela, alikuwa anampenda mwenzake, na hiyo ndo inaniuma.

Sasa kitu ambacho vijana hawaambiwi, kosa la kula njama halihitaji wewe ndo ufyatue risasi. Marekani kuna sheria inaitwa RICO, ya 1970, ilitungwa kwa ajili ya mafia, na jimbo la Georgia, ambako Atlanta ipo, wana ya kwao. Mwendesha mashtaka anachukua matukio ya watu tofauti, miaka tofauti, anasema hawa wote ni genge moja. Mei 2022 rapa Young Thug alishtakiwa Atlanta kwa sheria hiyo ya Georgia pamoja na watu wengine 27, na moja ya madai ni kwamba alikodi gari lililotumika kwenye mauaji ya 2015. Kukodi gari tu! Mashairi yake pia jaji akaruhusu baadhi yatumike mahakamani.

Na kujitoa nako kuna gharama. Gunna, rapa aliyeshtakiwa kwenye kesi hiyohiyo ya Young Thug, aliingia makubaliano na upande wa mashtaka Desemba 2022 akaenda nyumbani, mtaa ukasema amewachoma wenzake, marafiki kibao wakamkata.

Halafu kuna woga, huu hausemwi kabisa. Rapa T.I. wa Atlanta, rafiki yake aliuawa Cincinnati 2006, mwaka uliofuata akakamatwa kwenye mpango wa kununua bunduki za rashasha wakati kisheria haruhusiwi kugusa silaha kwa sababu ya kesi ya zamani. Mtu anaogopa, halafu ulinzi anaoujua ni uleule wa mtaani.

Young Thug alikubali kumaliza kesi Oktoba 31, 2024, baada ya zaidi ya miaka 2 ndani. Akapewa miaka 15 ya uangalizi nje ya jela, na kwa miaka 10 akaambiwa akae mbali na Atlanta na vitongoji vyake, labda kuwe na msiba, harusi au mahafali ya familia.

Kwa hiyo kama unamsimamia msanii usianze na kumwambia awatupe marafiki zake, hatakusikiliza. Anza na vitu vilivyoandikwa jina lake, magari, nyumba, laini za simu, nani ana funguo, nani analala pale, na mwanasheria wa jinai awepo kabla kesi haijaja, sio yule wa mikataba ya muziki.