Tani tatu na nusu za kwenye tangazo

Wenye pikapu wengi huamini kwamba gari likiandikwa linavuta kilo 3,500, basi unajaza bodi, unapakia watu, kisha unafunga tela la kilo 3,500. Sivyo. Namba hiyo ni ya tela lenye breki zake. Lisilo na breki, kikomo mara nyingi ni kilo 750 tu.

Kuna pia kikomo cha gari na tela kwa pamoja. Tuseme ni kilo 6,000, na pikapu tupu ina kilo 2,200. Ukivuta 3,500, zimebaki 300 za dereva, abiria na mizigo yote. Watu wazima wanne wamezimaliza!

Halafu tela halivutwi tu, linakandamiza. Takriban asilimia 10 ya uzito wake hushuka pale linapofungwa, na huo huhesabiwa kama mzigo wa pikapu. Wapo wanaorudisha mzigo nyuma ya tela ili kuipunguzia gari. Hapo ndipo tela huanza kuyumba barabarani, na spidi ikipanda linaivuruga pikapu yenyewe.