Kwa nini spoki moja ikikatika, nyingine hufuata?

Spoki ya baiskeli ikikatika, wa kwanza kusingiziwa ni mzigo: gunia lilikuwa zito, spoki ikavutwa hadi ikashindwa. Wa pili ni fundi, eti alikaza mno. Mara nyingi wote wawili wanaonewa. Spoki ya chuma kizuri yenye unene wa milimita 2 hukazwa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 100, na huhimili zaidi ya mara mbili ya hapo. Isitoshe, uzito wa mpandaji hauziongezei spoki za juu mvuto wa kutajika. Zinazoguswa ni zile chache zilizo chini kabisa, upande wa ardhi, nazo hulegea. Gunia, kwa maneno mengine, hulegeza spoki kuliko linavyozivuta. Kukaza kupita kiasi kuna hasara yake, ila anayeumia kwanza huwa ni rimu, lile duara la nje linaloshika tairi.

Gurudumu likizunguka, kila spoki hupita chini, hulegea kidogo, kisha hukaza tena. Kwa baiskeli ya inchi 28, hayo hutokea zaidi ya mara 400 katika kilomita moja. Chukua kipande cha waya wa kufungia nondo ukivute kwa mikono: hakikatiki. Sasa kipinde huku, kipinde kule, huku na kule; baada ya muda kinaachia chenyewe, wala hukutumia nguvu. Spoki nayo huchoka hivyo, kwa mikunjo isiyoonekana kwa macho, na ufa huanzia kwenye kona yake, pale inapoingia tundu la habu, yaani kitovu cha gurudumu. Iliyolegea hucheza zaidi, hivyo huchoka mapema.

Zilizobaki zimezunguka safari zilezile, na sasa jirani za pengo zimeongezewa kazi. Ukibadilisha moja, umeondoa iliyotangulia tu. Lakini tazama ilipokatikia: ikiwa ni katikati, huenda iligongwa na kijiti au mnyororo, na hapo kubadilisha hiyo moja kunatosha. Zikikatika mbili tatu kwenye kona, ni nafuu kusuka gurudumu upya kwa spoki mpya zote.

Mafundi makini wakimaliza kusuka hushika spoki mbilimbili zinazokwenda sambamba na kuzibana kwa nguvu viganjani, gurudumu zima. Kule kuzivuta kupita kiasi kwa nukta chache hukalisha kona vizuri kwenye habu na kupunguza mkazo uliobaki ndani ya chuma tangu kilipopindwa kiwandani, na spoki hudumu zaidi.