Kioo cha ndani ya gari kimebanduka? Usikimbilie supaglu

Wiki iliyopita kaja jamaa hapa gereji na kigari chake cha Kijapani, kioo cha ndani, kile cha kutazamia nyuma, kakishika mkononi kama simu. Ananiambia fundi, hii mara ya tatu, nakibandika asubuhi, mchana nikirudi nakikuta kwenye siti. Nikaangalia kile kichuma kinachobandikwa kwenye kioo cha mbele, supaglu imeganda juu yake nyeupe kama chumvi, tabaka juu ya tabaka. Nikamwambia kaka, hii kazi hata usinilipe, ni ya kufanya mwenyewe nyumbani, ila umeianza vibaya.

Supaglu inashika haraka, sibishi, lakini ikikauka inakuwa ngumu na inavunjika kirahisi, haivutiki hata kidogo. Sasa gari limepaki juani Dar saa saba mchana, kioo kinachemka, kichuma kinatanuka kivyake na kioo kivyake, usiku vinarudi, hapo bado matuta na mashimo, na mzigo wenyewe unaning'inia unatikisika safari nzima, itaacha kuachia? Epoksi, ile gundi ya kuchanganya tyubu mbili, nayo inashika kweli kweli, tatizo siku ikibanduka inaweza kuondoka na kipande cha kioo, na hapo ushaingia kwenye hela ya kioo cha mbele kizima. Nenda duka la spea uliza gundi ya kioo cha ndani, ni kipakiti kidogo, kina kityubu cha gundi na dawa ya kutangulizia, wenyewe wanaiita aktiveta.

Kabla ya yote piga alama kwa maka peni pale kichuma kinapokaa, na upige kwa NJE ya kioo cha mbele, maana ndani utasugua na alama itaondoka. Kama kioo chako kina nyaya kwa nyuma chomoa soketi taratibu, na kama kuna kamera au sensa pale achana nayo mpelekee fundi. Kuna magari kioo kimefungwa darini kwa skrubu, hayo hayahusiani na gundi kabisa.

Kazi yenyewe ni usafi. Lalisha wembe kwenye kioo cha mbele ukwangue gundi ya zamani mpaka kucha ikipita isikwame, kisha spiriti na kitambaa safi, mara mbili, tatu. Kichuma kipige msasa laini nacho ukifute kwa spiriti. Watu wanasahau ile polishi ya dashibodi wanayopulizia kila Jumamosi, inaruka mpaka kwenye kioo, wewe huioni ila gundi inaiona. Na ukishafuta usiguse tena kwa kidole, mafuta ya mkono yanatosha kuharibu.

Paka aktiveta kama karatasi yake inavyosema, iache ikauke, halafu tone MOJA la gundi katikati ya kichuma, kandamiza dakika nzima bila kuchezesha. Angalia upande lakini! Vichuma vingi vina upande mwembamba na upande mpana, mwembamba unakaa juu ili kioo kiteremke kikabane. Mimi mwenyewe nishawahi kubandika kichwa chini, gari la mteja, na gundi ilishika vizuri ajabu siku hiyo. Fanyia kivulini, siyo juani.

Pakiti nyingi zitakwambia dakika 15 tayari. Mimi nasubiri mpaka kesho yake. Ukirudishia kioo, kile kiskrubu cha alenki (kinachokazwa kwa ufunguo wa pembe sita) kaza kikigoma basi, ukilazimisha unapasua kioo cha mbele. Halafu kale kamkono ka chini ya kioo cha ndani kaweke mkao wa mchana ndiyo urekebishe, maana kakiwa mkao wa usiku unaona giza giza unadhani kioo kibovu, kumbe kapo kwa ajili ya kupunguza mwanga wa taa za wa nyuma yako.

Yule jamaa nikampa wembe na spiriti, akakwangua mwenyewe kama nusu saa hivi analalamika, nikamsimamia wakati wa gundi tu. Alitaka kuondoka na kioo kimening'inia nikamkatalia. Akaondoka na kichuma kitupu, kioo kimelala kwenye siti ya abiria, anageuza shingo kama bundi anatoka getini kinyumenyume.