Ukakamavu wa mashine ya lethi ni nini, na kwa nini uutafute kabla ya mota kubwa

Aliyewahi kukereza chuma kwenye lethi ndogo, yaani mashine inayozungusha chuma ili kisu kikichonge, anaijua hali hii. Umeweka kisu kiondoe nusu milimita, umepita mara moja hadi mwisho, ukakirudisha pale kilipoanzia bila kugusa usukani wa kuongeza kina. Unapita tena, na kisu bado kinatoa nyuzi za chuma. Hukuongeza kitu. Sasa kile kisu kinakata nini?

Kinakata chuma ambacho mara ya kwanza hakikukifikia. Kisu kikikandamiza chuma, chuma nacho hukisukuma kisu. Kishikio cha kisu kinarudi nyuma kidogo, slaidi (sehemu zinazoteleza kukisogeza kisu) zinalalia upande, fimbo inayokerezwa inapinda, beringi za kichwani zinaachia. Kila kimoja kinasogea kwa sehemu ndogo sana ya milimita, na jumla yake ndiyo ule unene ulioachwa. Mara ya pili mzigo umepungua, kila kitu kimerudi mahali pake, kisu kinamalizia kazi. Uwezo wa mashine kukataa kunepa namna hiyo ndio unaoitwa ukakamavu.

Usiuchanganye na uimara. Uimara ni kutovunjika, ukakamavu ni kutonepa. Upinde wa kurushia mishale ni imara, unavutwa miaka na haukatiki, lakini hauna ukakamavu. Kioo cha dirisha ni kinyume chake. Wengi hupotelea hapa: hununua kishikio cha feleji ghali iliyopikwa ikawa ngumu, wakidhani kitanepa kidogo kuliko kile cha chuma cha kawaida. Kwa unene uleule na urefu uleule, vyote viwili vinanepa karibu sawasawa. Upishi huongeza nguvu ya kustahimili, hauongezi ukakamavu. Ukitaka tofauti ya kweli, nenda kwenye kabaidi, ile dutu ngumu ya kutengenezea visu, ambayo ni kakamavu takriban mara tatu ya feleji, au ongeza unene, au punguza urefu.

Urefu na unene ndivyo vyenye hesabu inayoshangaza. Fimbo iliyoshikwa upande mmoja na chaki, yaani taya za mashine zinazoishika na kuizungusha, upande wa pili ikaachwa wazi, hunepa kwa mchemraba wa urefu wake. Itoe milimita 120 badala ya 60, na kunepa kunakuwa mara 8, si mara 2. Unene ni mkali zaidi: fimbo ya milimita 10 hunepa mara 16 ya ile ya milimita 20. Ndiyo maana fimbo nyembamba iliyotoka nje sana hukerezwa ikawa nene mwishoni na nyembamba karibu na chaki, hata kwenye mashine nzuri. Kabla hujailaumu mashine, weka senta, yaani ncha iliyochongoka, kwenye kichwa cha nyuma iishike fimbo upande ulio wazi. Mimi huifanya hivyo mara tu urefu ulio nje unapozidi kipenyo mara tatu au nne.

Nguvu ya kukata huzunguka kama mnyororo: kutoka ncha ya kisu kwenda kwenye kishikio, slaidi ya juu, slaidi ya kuvuka, kitanda kinachobeba vyote, kichwa kinachoizungusha chaki, beringi, chaki, hadi kwenye fimbo yenyewe na kurudi kwenye ncha. Ulegevu wa kila pete unajumlishwa. Tuseme fimbo inanepa milimita 0.05, slaidi 0.03 na kishikio 0.01, jumla 0.09. Ukinunua kishikio kinachonepa nusu ya hapo, umebaki na 0.085, na pesa imekwenda. Ukiipunguza fimbo urefu ikanepa nusu, umefika 0.065 bila kutoa senti.

Kwa hiyo ukisoma tangazo la mashine, namba za kwanza unazooneshwa si za muhimu sana. Lethi ndogo za Kichina zinazoitwa 7x14 maana yake ni inchi 7 za kipenyo kinachoweza kuzunguka juu ya kitanda na inchi 14 kati ya senta mbili. Hizo inchi 7, karibu milimita 178, ni za kitu kinachopita juu ya kitanda kitupu. Juu ya slaidi ya kuvuka, ambako kazi nyingi hufanyika, nafasi hushuka hadi karibu milimita 110. Namba inayosema kweli zaidi ni uzito. Mashine hizo zina kilo 40 hivi, na lethi za karakana unazozikuta kwa wakerezaji wa Gerezani, Dar es Salaam, au Kariobangi, Nairobi, huwezi hata kuzifikiria kuzibeba. Kilo hizo ni chuma cha kusubu, ambacho licha ya kukataa kunepa hunyonya mtetemo. Mashine nyepesi ikikata inalia, na ule mlio huacha mawimbi juu ya chuma.

Hii haimaanishi ukimbilie mtumba mzito bila kukagua. Lethi ya zamani, tuseme Myford ya Uingereza, ambayo ML7 yake ilitoka mwaka 1946, inaweza kuwa bora kuliko mpya ya bei hiyohiyo, lakini kitanda huliwa mahali kinapotumika zaidi, yaani karibu na chaki. Sogeza kibebeo cha kisu hadi pale, kaza vipande vya kubana slaidi hadi ulegevu uishe, kisha kisukume kuelekea kichwa cha nyuma. Kikigoma njiani, kitanda kimeliwa. Jaribio hili halihitaji kifaa chochote, na muuzaji anayelikataa amekujibu.

Ukishainunua, usianze na mota. Mashine inayonepa ikipewa nguvu zaidi inanepa zaidi. Anza kunoa kisu. Kwenye lethi ndogo napendelea kisu cha HSS (feleji ya kukatia kwa mwendo wa kasi) chenye makali ya kweli kuliko vidonge vingi vya kabaidi, ambavyo ukingo wake huviringwa kidogo na huhitaji kusukumwa kwa nguvu ndipo vikate. Fuata na kukaza slaidi ili zisogee bila kucheza, na kuifunga mashine kwa bolti kwenye meza nzito. Hakikisha tu miguu yote imekaa sawa kabla ya kukaza, maana meza iliyopinda hukipinda kitanda nacho, ukaanza kukereza mchongoko (fimbo nene upande mmoja kuliko mwingine) bila kujua sababu.

Kisha tafuta pete laini ya ule mnyororo kwa saa ya kupimia, ile ya mshale. Iweke kwenye fimbo, sukuma kwa mkono, soma. Iweke kwenye kishikio, sukuma, soma. Kwenye hizi ndogo, mara nyingi mshale utakuonesha slaidi ya juu. Ikiwa hukerezi michongoko kila siku, iondoe, weka mahali pake kipande kizima cha chuma kilichofungwa kwa bolti, na kishikio juu yake. Ni mageuzi ya bei ndogo kuliko yote, na ndiyo yaliyonifanya niweze kukata fimbo vipande bila kisu kurukaruka. Beringi zinafuata: zile za gololi, namba 6206, zinazokuja na mashine nyingi hizo zinaweza kubadilishwa na za koni, namba 30206. Tundu na kipenyo cha nje ni vilevile, milimita 30 na 62, ila ya koni ni nene kwa milimita 1.25, kwa hiyo lazima upunguze kitu mahali fulani.

Mota ibaki mwisho. Ukipata ya njia tatu na nyumbani una umeme wa njia moja, inveta, kifaa kinachotoa umeme wa njia tatu kutoka ule wa njia moja, itakuendeshea na kukupa mwendo wa kurekebisha, lakini soma kibao chake kwanza: ikiandikwa volti 230/400, inaunganishwa kwa delta, yaani nyaya zake zikiunganishwa kwa pembetatu. Ikiandikwa 400/690, inveta ya volti 230 haitaitosheleza.