Ziwa Michaelson si la kreta, jamani

Kila picha ya Ziwa Michaelson ikipostiwa, lazima mtu aandike chini yake "ziwa la kreta, Mlima Kenya". Hoja yao ni kwamba ule mlima ni volkeno, kwa hivyo maji yoyote huko juu yamejaa kwenye kreta, lile shimo la mdomo wa volkeno. Hapana bwana.

Hili ni ziwa la barafuto, yaani limekaa kwenye shimo lililochimbwa na barafuto ama likazibwa na vifusi ilivyoacha. Basi, maana ndiyo hiyo. Barafuto ni ile barafu nzito inayoteremka mlima polepole, mawe yamegandia tumboni mwake yanasugua mwamba kama msasa, na penye mwamba dhaifu panachimbika zaidi.

Sasa ukitaka kreta nenda Ziwa Chala mpakani na Tanzania, au Ziwa Paradise kule Marsabit. Yale yana ukuta kuzunguka pande zote. Michaelson halina. Msitu na mianzi umeviacha huko chini, uko karibu mita 4,000, na unachokiona ni bonde refu la Gorges lenye umbo la U, jabali la Temple limesimama juu ya ziwa, na upande wa chini kuko wazi, maji yanatoka yanashika Mto Nithi mpaka Tana. Kreta gani iko hivyo?

Halafu kreta yenyewe ya Mlima Kenya haipo! Mlima haujalipuka kwa zaidi ya miaka milioni 2, juu kote kumeliwa na mmomonyoko, na hizo Batian na Nelion ni mwamba uliogandia kwenye koo la volkeno ukabaki umesimama baada ya vya pembeni kuisha.

Wengine nao wanauliza, mbona hapo hakuna barafu? Si lazima iwepo. Iliyochimba iliyeyuka kitambo sana, siku hizi ni mvua na vijito tu. Jina linasema nani alichimba shimo, halisemi maji yanatoka wapi.

Kwa hivyo kwenye kepsheni weka "ziwa la barafuto, bonde la Gorges", na kama huna uhakika andika ziwa tu, hakuna atakayekusumbua.