Mgeni ndani ya yai la mdudu: tunayodhani na yalivyo kweli

Ukishayapita mashamba ya mwisho kwenye barabara ya Tabora kwenda Sikonge, funga vioo. Mbung'o wa pori lile hulikimbilia gari kama wanadai nauli. Safari moja mmoja aliingia, akatua kwenye goti la mzee wa mizinga niliyempakia, mabawa kayalaza mgongoni moja juu ya jingine kama makali ya mkasi uliofungwa. Mzee akambana kwa kidole gumba. Kikamtoka kitu cheupe, kinene kuliko punje ya mchele, chenye vinundu viwili vyeusi upande wa nyuma.

"Mwalimu, tazama. Alikuwa na mimba."

Kweli alikuwa nayo. Mbung'o hatagi mayai kwa mamia kama inzi wa jalalani. Hubeba buu mmoja tu, humnyonyesha maziwa humo humo tumboni, humzaa akiwa ameshakua, na buu hujizika ardhini muda mfupi tu baadaye. Nikamwambia mzee kwamba ndani ya yale maziwa mna bakteria. Akafuta goti haraka haraka. "Basi huyu alikuwa mgonjwa." Safari nzima ikawa ubishi. Mengi aliyoyasema nayasikia pia darasani na sokoni, ndiyo maana nimeyakusanya hapa.

"Mdudu mwenye bakteria ni mgonjwa"

Mbung'o, awe jike awe dume, hali kitu kingine maisha yake yote ila damu. Damu inashibisha, lakini ni haba kwa vitamini za kundi B. Pengo hilo linazibwa na bakteria aitwaye Wigglesworthia, jina alilopewa kwa heshima ya Vincent Wigglesworth, Mwingereza aliyebobea katika miili ya wadudu. Wengi wanaishi ndani ya seli maalumu kwenye ukuta wa utumbo, na wengine wako kwenye tezi ya maziwa, humo ndimo buu anamowapata. Maabara walijaribu kuwaua kwa antibiotiki. Jike aliendelea kula na kuishi, ila kuzaa akashindwa.

Vidukari wanaofyonza utomvu wa majani wana wao pia, Buchnera, na ushirika huo una zaidi ya miaka milioni 100. Hata kuna nyigu mdogo wa Ulaya, Asobara tabida, ambaye ukimwondolea bakteria wake mayai hayakomai tumboni. Bakteria kamfanya amtegemee kwa jambo ambalo nyigu wengine wanalifanya wenyewe. Huo si ugonjwa, lakini sijui kama ni urafiki pia. Mzee aliuita "ukwe", na sijapata neno bora zaidi.

"Bakteria hao wanawachukia madume"

Mtu akisikia kwamba wapo bakteria wanaoua watoto wa kiume wa mdudu na kuwaacha wa kike, mara moja huwapa nia: wana hila, wamepanga. Hakuna aliyepanga. Ni hesabu ya usafiri tu.

Mbegu ya kiume ni kiini na mkia, haina nafasi ya abiria. Yai ni kubwa, nafasi imo. Kwa hiyo bakteria anayeishi ndani ya seli za mdudu huingia kizazi kijacho kwa njia ya yai, yaani kwa mama. Mtu wa Tabora ataelewa haraka nikitumia reli. Jike ni Tabora, stesheni ya njia panda, kutoka hapo safari zinaendelea. Dume ni Kigoma, mwisho wa reli, tena bila meli inayomngoja bandarini. Sasa bakteria yeyote ambaye, kwa mabadiliko ya jeni yaliyotokea yenyewe, akasababisha majike wazidi au wazae kuliko wenzao, ataenea. Asiyefanya hivyo anaachwa nyuma. Pitisha vizazi elfu moja, utaona kitu kinachofanana kabisa na hila.

Aliyechunguzwa zaidi ni Wolbachia. Mwaka 1924 Wamarekani Marshall Hertig na Simeon Burt Wolbach walimwona ndani ya mbu wa kawaida wa majumbani, na baadhi ya makadirio yanasema yumo katika takriban asilimia 40 ya spishi za wadudu na jamaa zao wa nchi kavu. Kwa baadhi ya vipepeo anaua viinitete vya kiume vikiwa yaini, na dada zao wanabaki na chakula kingi zaidi. Kwa kiumbe fulani wa jamii ya kamba wa baharini, anayeishi chini ya mawe huko Ulaya na kujikunja kama gololi, anamgeuza mwenye jeni za dume akue kuwa jike kamili, anayetaga. Wala si Wolbachia peke yake. Yule kipepeo wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi za mabawa, Danaus chrysippus, maeneo ya Nairobi hupoteza madume kwa Spiroplasma, bakteria wa ukoo mwingine kabisa ambaye hata ukuta wa seli hana. Koo mbili zisizohusiana zimefikia mbinu ileile, kwa sababu reli ni ileile.

"Dume mwenye bakteria ni tasa"

Hapa wanafunzi wangu bora huteleza, na mimi niliteleza chuoni. Kwa wadudu wengine Wolbachia haui madume wala hawageuzi, ila huvuruga ndoa zao. Chukua kalamu. Ndoa ziko nne. Dume asiye na Wolbachia na jike asiye naye: watoto wapo. Dume asiye naye na jike aliye naye: wapo. Wote wawili wanaye: wapo. Imebaki moja, dume anaye na jike hana: mayai yanarutubishwa, kisha viinitete vinakufa.

Kwa hiyo dume si tasa. Mbegu zake zimetiwa kitu ambacho yai lenye Wolbachia wa aina hiyo linaweza kukitengua, na yai lisilo naye haliwezi. Kwenye mgawanyiko wa kwanza kabisa wa seli, kromosomu za baba, yaani nyuzi zinazobeba jeni, zinachelewa kujipanga, za mama hazisubiri, mambo yanaharibika hapo. Jeni zinazohusika zilitambuliwa mwaka 2017, na cha kushangaza zimetoka kwenye virusi wanaoishi ndani ya bakteria mwenyewe. Mgeni naye ana mgeni.

Tazama tena zile ndoa, safari hii kwa jicho la majike. Mwenye bakteria anazaa na dume yeyote. Asiye naye anazaa na wachumba wasio naye tu, na kadiri bakteria anavyoenea, hao wanapungua. Miaka ya 1980 huko California Wolbachia alienea hivyo ndani ya inzi wadogo wa matunda kwa mwendo wa kama kilomita 100 kwa mwaka. Hiyo ni sawa na kutoka hapa mjini hadi Urambo na kuzidi kidogo, kila mwaka, bila kumwongezea mdudu faida kubwa ya wazi.

Mtego huo huo umegeuzwa kuwa kinga. Mjini Yogyakarta, Indonesia, mbu wa dengue, Aedes aegypti, waliachiwa wakiwa na Wolbachia, ambaye pia anavizuia virusi vya dengue kuzaliana mwilini mwa mbu. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2021 yalionyesha wagonjwa wa dengue wamepungua kwa asilimia 77. Hiyo ni dengue. Malaria ya huku kwetu inaletwa na mbu wa kundi jingine, Anopheles, kwa hiyo chandarua kibaki kitandani.

Na tusichanganye na Unguja. Wengi wanadhani mbung'o wa kisiwa kile waliondolewa kwa bakteria. Hapana. Madume zaidi ya milioni 8 waliokuzwa Tanga walipigwa mionzi na kumwagwa kwa ndege, wakapandana na majike wasizalishe. Mbung'o wa mwisho wa porini alinaswa mwaka 1996. Wale ndio tasa kwelikweli.

"Mdudu akizaa bila dume, ujue ni bakteria"

Tulipofika, mzee alinishushia kipande cha sega kutoka mzinga wa gome. Vyumba vya madume vilikuwa pembeni, vipana, vifuniko vimebinuka kama kichwa cha risasi. Dume la nyuki halina baba. Malkia akitaga yai lisilorutubishwa, linatoka dume. Lililorutubishwa, linatoka jike. Hapo bakteria hahusiki hata kidogo, ndivyo nyuki, nyigu na siafu walivyoumbwa.

Bakteria anaingia kwa kuutumia mlango huo uliokwisha kuwa wazi. Kwa Trichogramma, nyigu wadogo mno wanaotaga ndani ya mayai ya nondo, Wolbachia hulifanya yai lisilorutubishwa lirudufu kromosomu zake, likawa jike badala ya dume. Mama anazaa mabinti, mabinti wanazaa mabinti. Mwaka 1990 watafiti waliwapa nyigu wa namna hiyo antibiotiki, na madume wakaanza kuzaliwa tena.

Mzee alisikiliza, akalamba kidole. "Yaani dawa ya kuleta wanaume."

"Mageuzi ni mambo ya miaka milioni"

Katika visiwa vya Samoa kuna kipepeo Hypolimnas bolina. Mwaka 2001 madume walikuwa asilimia 1 tu, wengine wote Wolbachia aliwamaliza yaini. Ungesema spishi inakwisha. Miaka michache baadaye, ndani ya vizazi kama 10, madume walikuwa karibu asilimia 40. Bakteria hakuondoka, yumo mpaka leo. Ilichomoza jeni ya kipepeo inayomzuia kuua, na ilipochomoza ikasambaa kama moto wa kiangazi. Sababu ni rahisi: pale ambapo dume ni mmoja kwa majike 99, dume anayenusurika anazalisha kuliko mfalme.

Wakulima wa mihogo wa Kasulu na Kibondo wanawajua inzi weupe wanaoeneza batobato. Jamaa zao huko Arizona, Marekani, mwaka 2000, wenye bakteria aitwaye Rickettsia walikuwa asilimia 1. Mwaka 2006 walikuwa asilimia 97. Wenye bakteria walizaa zaidi, na mabinti walikuwa wengi zaidi. Miaka 6. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza hakuwa amemaliza la saba.

"Ukila kumbikumbi, hao bakteria watakuingia"

Hapana. Wolbachia haishi katika seli za binadamu. Kaanga, kula. Anapotuhusu ni akiwa ndani ya minyoo ya matende: minyoo hiyo haiwezi kuzaa wala kuishi vizuri bila yeye, na antibiotiki iitwayo doksisaiklini ya wiki kadhaa ikimuua, minyoo nayo inadhoofika na kufa. Dozi hiyo ni ya daktari, si ya duka la dawa la mtaani.

"Basi, kila mara njia ni mama"

Hii dhana nimeipanda mwenyewe hapo juu, na nililazimika kuing'oa mbele ya mama mmoja anayeniuzia kunde hapa mjini. Alikuwa amezianika kwenye turubai, anachambua zilizobunguliwa, kila moja na kitundu cha duara kilichokatwa kama kwa keekee. Nilimweleza habari za bakteria na reli yake kwa majigambo, kisha nikamkumbuka mdudu aliyeitoboa kunde niliyokuwa nimeishika.

Ndugu wa karibu wa mdudu huyo wa kunde, Callosobruchus chinensis, alichunguzwa Japani. Ndani yake zilionekana aina tatu za Wolbachia. Mbili ziliondoka kwa antibiotiki. Ya tatu haikuondoka kamwe, na kibaya zaidi, baba alikuwa anairithisha, lakini kwa mabinti peke yao, wana wa kiume hawapati. Mwaka 2002 jibu likatoka: hakuwa bakteria tena. Kipande cha jeni zake kilikuwa kimehamia kwenye kromosomu X ya mdudu mwenyewe. Baba huwapa mabinti X yake, wana huwapa Y. Abiria aliyeshindwa kuvuka Kigoma kwa karne zisizohesabika alikuwa amegeuka sehemu ya reli.

Mama alichukua kunde ile kutoka kiganjani mwangu, akaitupa kwenye rundo la mbovu.

"Kwa hiyo kaka, unanunua au unafundisha?"

Nilinunua kilo mbili.